Kinachomaliza Uniti si Taa

Katika nyumba nyingi za Tanzania, uniti za LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, zikikaribia kwisha, amri inayotoka ni ile ile: zimeni taa. Watoto wanatumwa kuzima ya uani, chaja za simu zinachomolewa ukutani, televisheni inazimwa kabla ya taarifa ya habari kumalizika. Dakika chache baadaye birika la umeme linawashwa kwa ajili ya chai, limejazwa mpaka shingoni ingawa wanywaji ni wawili. Hakuna anayelitilia shaka, kwa kuwa halitoi mwanga wala kelele. Linakaa kwenye kona yake, linachemka, linajizima. Ndani ya dakika hizo tano, birika la wati 2,000 limekula umeme ambao balbu ya LED ya wati 9 ingeutumia kwa saa 18. Familia imebana pale pasipovuja, na pale panapovuja imepaacha wazi.

Nyumba hutumia nishati kwa mambo mengi, lakini kwa upande wa fedha yanagawanyika mafungu mawili tu. Fungu la kwanza ni la mwanga, sauti, picha na kuzungusha mapanga ya feni. Fungu la pili ni la kubadili joto la kitu: kuchemsha maji, kupika, kupiga pasi, na pia kupoza, maana friji na kiyoyozi ni mashine za kuhamisha joto kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Fungu la pili ndilo linalobeba karibu gharama yote. Na tukisema gharama, tusiishie kwenye LUKU. Familia ya mjini hulipia nishati kwa mifuko mitatu: umeme unaonunuliwa kwa simu, gesi inayojazwa mtungi ukiisha, na mkaa unaonunuliwa kwa kopo gengeni. Mfuko wa kwanza unahesabiwa kwa sababu mita inaonyesha namba. Wa tatu hauhesabiwi kabisa, na huo ndio mara nyingi wenye tundu kubwa.

Uniti moja ya umeme ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima kimekula uniti moja. Cha wati 100 kitahitaji saa kumi kufika hapo. Wati zimeandikwa nyuma au chini ya kila kifaa, kwa hiyo hesabu hii haihitaji fundi. Balbu tano za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku hazifikishi uniti 7 kwa mwezi mzima. Simu ya kawaida, hata ikichajiwa kila siku, haimalizi uniti moja kwa mwezi, na chaja iliyobaki ukutani bila simu ni kama haipo. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane za usiku inakula uniti 14 na ushei kwa mwezi. King'amuzi kinachovuta wati 12 na ambacho hakizimwi usiku wala mchana, kwa kuwa watu huzima televisheni kwa rimoti na kukisahau, kinameza zaidi ya uniti 8 kwa mwezi, yaani kuliko zile balbu zote tano. Hicho ndicho cha kuchomoa, si chaja. Kiyoyozi ni habari nyingine: hata kile kidogo cha hospawa moja, kikiwashwa kila usiku kinaweza kupita uniti 100 kwa mwezi, na mwenye nacho ambaye hajakaza milango wala kuziba nyufa za madirisha anapoza barabara.

Idadi hizi zinapata uzito tukizitazama pamoja na bei. Tangu Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, aliye kwenye daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Aliye daraja la T1, ambalo linachukua nyumba nyingine zote pamoja na maduka na karakana ndogo, hulipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 za Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Ukijumlisha, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122, ile inayozidi 75 inakuwa shilingi 427, na ya T1 inakuwa shilingi 356 na senti. Mwenye D1 anayetumia uniti 75 amelipa shilingi 9,150. Akifika uniti 90, zile 15 za nyongeza peke yake zinamtoa shilingi 6,405. Huyu hatajiokoa kwa kupunguza kila kitu kidogo kidogo. Anachohitaji ni kuzitafuta uniti 15 zilizomvusha mstari, na akizitafuta kwa uaminifu atazikuta kwenye pasi, kwenye hita au kwenye friji. Na aliyezoea kuuvuka mstari huo anaweza kuhamishiwa T1, ambako uniti zile zile 75 zinafika shilingi 26,700.

Kuna jambo moja la kuondoa njiani, kwa kuwa linavuruga hesabu za wengi. Mwezi mpya ukianza, LUKU ya kwanza huleta uniti pungufu, na watu huamini mita imechezewa au bei imepanda kimyakimya. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye manunuzi ya umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo si gharama ya nishati, na kwa asili yake ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa kupitia mita ana haki ya kulizungumza na mwenye nyumba wake wakati wa kulipa pango.

Turudi kwenye joto, tuanze na maji ya kuoga, kwa kuwa ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzijoto moja kunahitaji kiasi cha nishati kisichobadilika, uwe na hita ya bei mbaya au ya bei poa. Chukua familia ya watu wanne Njombe mwezi Julai, maji ya bomba yakiwa na nyuzi 15, kila mmoja akioga ndoo ya lita 20 iliyopashwa mpaka nyuzi 40. Ndoo moja inakula uniti 0.58. Ndoo nne kwa siku, kwa siku 30, ni uniti 70. Nyumba hiyo haijawasha taa hata moja, haijapiga pasi, haijafungua friji, na tayari imebakiwa na uniti tano za bei nafuu. Lawama zote zitakwenda kwa mita, au kwa kijana anayekesha na simu. Dawa ipo na haina ufundi. Nusu ya ndoo inamtosha mtu mzima anayeoga kwa kata, na nusu ya ndoo ni nusu ya uniti hizo. Pipa au dumu jeusi lililowekwa juani tangu asubuhi likiyafikisha maji nyuzi 25 tu, limefanya sehemu mbili kati ya tano za kazi ya hita bila malipo. Mwenye uwezo wa kufunga mtambo wa maji ya moto wa jua juu ya paa, iwe Arusha, Mbeya au Makete, ana sababu nzuri ya kuufikiria kabla ya ile mitambo ya jua ya kuwasha taa, kwa kuwa taa si mzigo wake.

Friji linahitaji jicho la namna nyingine kwa sababu halizimwi. Friji dogo jipya lililotengenezwa vizuri linaweza kutumia chini ya uniti moja kwa siku. Lile kubwa la mtumba, ambalo mpira wa mlango umekakamaa na mota yake inanguruma bila kupumzika, likifika uniti mbili na nusu kwa siku limemaliza uniti zote 75 peke yake. Bei yake dukani ilikuwa ndogo, na tofauti inalipwa kila mwezi kwa miaka yote litakayokaa sebuleni. Kenya imejaribu kumsaidia mnunuzi kwa kuweka kanuni za lebo ya nyota zinazoonyesha ulaji wa umeme wa vifaa kama friji. Asiye na lebo ana mita yake. Usiku, soma uniti zilizobaki, zima kila kitu isipokuwa friji, ulale, usome tena alfajiri. Tofauti ya saa nane ukiizidisha kwa tatu unapata ulaji wa siku, na hakuna muuzaji atakayekwambia ukweli kuliko hapo. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango: kikichomoka bila kukwama, baridi inatoka hapo hapo, na mpira mpya ni rahisi sana kuliko mwaka mmoja wa uniti zinazopotea. Lisogeze mbali na jiko, liache nafasi nyuma lipumue, usiliingizie sufuria la mchuzi linalofuka mvuke.

Pasi nitaipita haraka. Ukiipasha kila asubuhi kwa shati moja, sehemu kubwa ya umeme inakwenda katika kuipasha. Nguo za wiki nzima zikinyooshwa kwa mkupuo mmoja, pasi inapata moto mara moja.

Jikoni ndiko kwenye mjadala halisi. Imani iliyokaa vichwani mwa watu wengi, wakiwemo waliosoma, ni kwamba umeme ni ghali kwa kupikia, gesi ni ya wenye nafasi kidogo, na mkaa ndio nishati ya mnyonge. Ukweli haupo kwenye bei ya kopo, mtungi au uniti. Upo kwenye bei ya joto linaloingia ndani ya sufuria, na hilo ni tofauti sana na joto linalotoka kwenye jiko. Kilo moja ya mkaa ina nishati inayolingana na uniti 8 hivi za umeme, lakini jiko la bati la kawaida hupeleka kama sehemu moja ya tano tu kwenye chakula. Zilizobaki hupasha bati, hewa na uso wa mpishi. Kwa hiyo kilo hiyo inakupa joto la uniti moja na nusu hivi, na kama umeinunua kwa shilingi 1,000, uniti ya joto sufuriani imekutoa shilingi 600 na zaidi. Kilo ya gesi ina karibu uniti 13, na jiko zuri la gesi hufikisha zaidi kidogo ya nusu. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa kwa shilingi 24,000 unauza uniti ya joto kwa shilingi kama 570. Jiko la umeme la sahani hufikisha takriban asilimia 70, hivyo hata kwa bei ya T1 inakuja shilingi 510 hivi. Jungu la presha la umeme, ambalo chanzo chake cha joto kimefungiwa ndani na kuta zake hazivujishi, hufikisha zaidi ya asilimia 80: shilingi zisizofika 450 kwa T1, na 150 au chini kwa D1. Bei za mkaa na gesi zinatofautiana kati ya Kigoma na Kibaha, na kila msomaji aweke za mtaa wake katika hesabu hii. Palipo na umeme mjini, mkaa ndio utakaotoka wa mwisho mara nyingi.

Jungu la presha lina faida nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Maji yaliyo katika sufuria ya kawaida yakishachemka hayapandi tena joto. Moto mkali chini yake unazaa mvuke mwingi zaidi, wala hauivishi maharage mapema. Anayeacha jiko likiungurama kwa saa mbili ananunua mvuke. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya Tanga. Mvuke ukifungiwa kwa presha, joto hupita nyuzi 100 popote ulipo, na maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa muda usiofika saa moja. Katika muda huo jungu la wati 1,000 haliwaki mfululizo. Hupandisha presha, hukata umeme, kisha huwaka kidogo kidogo kulinda joto. Jumla yake ikiwa dakika 30 za kuwaka, ni nusu uniti. Sahani ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili kwa maharage yale yale ni uniti 3. Mwenye D1 anayetumia uniti 45 kwa taa, televisheni, feni na friji dogo ana nafasi ya kupika makande, maharage, kunde, utumbo au nyama ngumu kila siku kwa jungu hilo, uniti 15 kwa mwezi, na bado asiuguse mstari wa 75.

Watakaopinga wana hoja, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ladha. Pilau la kupaliwa makaa juu ya mfuniko, mkate wa kumimina, mishikaki, mahindi ya kuchoma: vitu hivi vina moto wake, na hakuna sababu ya kuvipokonya. Hakuna pia anayevipika kila siku. Kinachomaliza gunia la mkaa ni maharage ya Jumatatu na nyama ya Alhamisi, vyakula vinavyochemshwa muda mrefu ndani ya maji, ambavyo havipati chochote kutoka kwenye moshi. Ya pili ni kwamba jiko la mkaa lina kazi nyingi: chungu kikiondoka, makaa yanapasha maji ya kuoga, usiku yanakausha nguo za mtoto. Ni kweli, na mama anayepanga kazi zake hivyo anajua anachofanya. Lakini tazama majiko ya mtaani baada ya chakula kuiva: mengi yamebaki na makaa mekundu bila kitu juu yake mpaka yawe majivu. Anayebaki na mkaa ayazime makaa kwa mchanga ayatumie kesho, na anunue jiko lenye kikombe cha udongo ndani badala ya bati tupu. Jiko la aina hiyo, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kufuata umbo la jiko la ndoo la Thailand, hupunguza mkaa kwa kiasi kinachoonekana tangu wiki ya kwanza.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: umeme unakatika. Mgao wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika. Tangu wakati huo mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, imeingia kazini, na uhaba wa umeme wa nchi umepungua sana. Umeme kuzalishwa na umeme kufika nyumbani, hata hivyo, ni mambo mawili. Nguzo zilizooza na transfoma zilizozidiwa bado zipo mitaani. Jibu ni kutotegemea chanzo kimoja. Jungu la presha likishapanda presha huendelea kuivisha kwa muda hata umeme ukikatika, kwa kuwa joto limefungiwa. Mtungi mdogo wa gesi ukae kwa chai, mayai, ugali na siku za giza. Asiye na jungu anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kikapu kilichojazwa vitambaa au sufi: chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika ishirini hivi, yahamishie na sufuria lake ndani ya kikapu, funika vizuri kabisa, yaache yaendelee kuiva kwa joto lake mwenyewe. Ukifungua yakiwa bado magumu, yarudishe motoni yachemke vizuri kabla ya kula.

Kisha kuna bei ya kifaa chenyewe, na hapa ndipo maneno ya kuokoa fedha huwa matusi kwa asiye nazo. Jungu la presha ni laki moja na zaidi. Mtu anayepata shilingi elfu kumi kwa siku hawezi kuamka akalinunua, na anajua vizuri kwamba mkaa wa gunia ni nafuu kuliko wa kopo. Hanunui kopo kwa kutojua hesabu. Ananunua kopo kwa sababu siku hiyo ana elfu moja tu. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, jambo jema, ila ruzuku hiyo ni ya kuingia mlangoni. Mtungi ukiisha, familia inatakiwa itoe zaidi ya elfu ishirini kwa mara moja, na mtungi unageuka kiti wakati kopo la mkaa linarudi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo litasimama au kuanguka kwenye swali la kununua kwa kidogo kidogo. LUKU imelijibu tayari kwa upande wa umeme, kwa kuwa unaweza kununua wa elfu moja, na gesi ya kulipia kwa mita imeanza kuonekana Dar es Salaam. Kinachobaki ni kifaa. Vikundi vya kuweka na kukopa vimenunua vyombo vya harusi na mabati ya nyumba. Vinaweza kununua majungu. Kaya iliyokuwa ikitumia kopo la shilingi 1,000 kila siku kwa vyakula vya kuchemsha, sasa ikatumia umeme wa shilingi 180 kwa bei ya T1, inabakiwa na zaidi ya shilingi 24,000 kwa mwezi. Jungu la laki moja na ishirini limejilipa ndani ya miezi mitano.

Wapo watakaosema haya yote ni kumtupia mwananchi mzigo wa serikali: bei ya umeme ishuke, basi. Bei za umeme ni jambo la kudai, na mikutano ya wazi ya EWURA ya kupokea maoni kuhusu bei ipo kwa ajili hiyo. Kudai huko hakumzuii mtu kuziba tundu lake leo, na bei ikishuka kesho, hita ya ndoo nne itaendelea kula uniti 70. Bado lipo eneo moja ambalo mwananchi hata akiwa mwerevu kiasi gani hawezi kujiokoa peke yake, nalo ni nyumba ya kupanga yenye mita moja.

Chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba kina mpangaji wake anayetumia uniti 25 kwa mwezi: taa, simu, redio, televisheni ndogo, feni. Hakuna mtumiaji mdogo kuliko hawa. Lakini mita ni moja, na mita hiyo inaona mteja mmoja wa uniti 150, kwa hiyo iko T1. Bili ya nyumba ni shilingi 53,400 hivi, kila mpangaji 8,900. Kila mmoja angekuwa na mita yake ya D1 angelipa 3,050. Watu sita wa kipato cha chini wanalipa takriban shilingi 35,000 za ziada kila mwezi kwa kosa la kuishi chini ya paa moja, wakati anayeishi peke yake katika nyumba nzima kwa uniti 75 anafurahia bei iliyowekwa kwa ajili yao. Zile mita ndogo zinazofungwa ndani ili wapangaji wasigombane hazibadilishi kitu hapa, kwa kuwa zinagawa bili bila kugusa daraja. Kenya ina tatizo la sura hiyo hiyo, na mstari wake uko chini zaidi, uniti 30.

Tuliangalie upande wa mwenye nyumba. Kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Akiongeza mita mbili, nyumba ile ya vyumba sita inakuwa na mita tatu, kila moja ikibeba vyumba viwili na uniti 50. Zikiwekwa D1, gharama ya shilingi 641,920 inarudi kwa miezi 18 au 19 kutokana na ile tofauti ya 35,000. Ugumu ni kwamba anayetoa fedha ni mwenye nyumba na anayepata nafuu ni mpangaji, ndiyo maana haifanyiki. Inaweza kufanyika kwa makubaliano: wapangaji wachange sehemu ya nafuu yao kwenye pango mpaka mita zilipike, kisha nafuu yote ibaki kwao. EWURA na TANESCO, shirika la umeme la taifa, nao wana la kufanya lililo rahisi zaidi kuliko kusimamisha nguzo, nalo ni kuihesabu nyumba ya kupanga kwa idadi ya kaya zilizomo. Serikali za mitaa zinazijua kaya hizo kwa majina, na mjumbe anajua kila chumba kina nani. Mpaka hilo litakapofanyika, mwenye nyumba mwenye wapangaji apite ofisi ya TANESCO ya wilaya yake aulize gharama ya mita ya pili, na wapangaji wake wamfuate wakiwa na hesabu hii mkononi.